Kigoda Shambani

Mgongo wangu uliuawa na mama mkwe, wala simsingizii. Kwake, kule Nanyamba, mkamwana haokoti korosho akiwa amekaa. Unainama, miguu wima, unaokota bibo, unachomoa korosho, unasogea, tangu asubuhi. Siku moja nilivuta kigoda nikakaa. Shamba zima likasikia.

"Mkamwana, kwani umekuja harusini? Tukuletee na pilau?"

Mume wangu alikuwepo, akacheka. Naye namtaja kati ya waliouua mgongo huu. Wa tatu ni mimi, maana niliinuka nikainama tena, msimu kwa msimu, mpaka siku kiuno kilipokataa kunyooka nikabebwa kwa mkeka. Mume akaniacha. Binti yetu akabaki kwa bibi yake.

Dada yangu akanichukua mjini Mtwara, kwenye kibanda chake cha kuchapa barua. Mimi wa darasa la nne, nachapa kwa vidole viwili. Kompyuta nimeiwekea matofali chini, niitazame mbele, shingo isining'inie. Nyuma ya kiuno naweka kanga iliyokunjwa. Kila nikimaliza mstari nahifadhi, maana umeme ukikatika narudia yote, na kurudia ni kukaa tena na maumivu. Nyumbani jiko la mkaa liko juu ya meza. Kunde nilizoloweka jana zikiiva natia muhogo, tui na chumvi, sufuria hiyo hiyo moja, nafunika. Siinamii mafiga tena. Ni mambo madogo haya. Nilipokuwa na mgongo hakuna aliyeniambia hata moja.

Msimu huu nilikwenda kumwona binti yangu, nimebeba kigoda. Nikamkuta chini ya mkorosho, miguu wima, kichwa chini, kama mimi kabisa.

"Kaa, mwanangu."

Akamtazama bibi yake. Bibi mwenyewe sasa anatembea na fimbo, uso unatazama ardhi.

"Mfundishe tu uvivu," akasema. "Nani atamwoa?"

"Na wewe, mama, mgongo huo umeupata wapi?"

"Huu? Huu uzee tu."

Wanawake wa mstari wa pili wa mikorosho wakaanza kuchekacheka. Binti yangu akanong'ona, "Mama, usiniaibishe." Akakisukuma kigoda kwa mguu, kikaanguka kwenye majani makavu. Akainama, akaendelea.

Nilikiacha pale pale. Kukiokota ni mpaka niiname, na mimi siwezi.