Maharage Yaliyokataa Kuiva Bunda

Mambo yale yalitugharimu miche miwili ya sabuni, shati moja jeupe la shemeji lililogeuka rangi ya majivu, mizigo mitatu ya kuni, na nusura ng'ombe kumi na wawili warudi njia waliyojia. Nimehesabu mara mbili, hesabu haijabadilika.

Nyie mliokulia Musoma enzi zile za vijiji vya ujamaa mnakumbuka tulivyokuwaga tunafulia ziwani, juu ya mawe. Kipande cha sabuni kama kidole gumba kilitosha nguo za watu saba, na povu likabaki la kuchezea. Tulirudi tunanuka samaki furu na jua, tukala michembe ya viazi, tukagombania mchezo wa mdako mpaka mama aseme, "Mnaohesabu mawe, nani amehesabu ndoo?" Maji kwetu yalikuwa maji tu. Hatukujua kwamba maji nayo yana tabia.

Nilijua nilipopelekwa Bunda kusoma darasa la nne. Nilikaa kwa dada yangu Nyamisi, aliyekuwa ameolewa miezi mitatu na Magesa, karani wa mizani ya pamba. Bunda walikuwa na bomba. Maji yake yalivutwa kutoka kisima kirefu, meupe, baridi, ya kupendeza macho. Lakini ukipaka sabuni inateleza tu, povu hakuna, na juu ya beseni unabaki utando kama maziwa yaliyokatika. Ndani ya birika kuliota ukoko mweupe. Sisi watoto tuliubandua, tukachorea viwanja vya kuruka.

Kesi ilikuwa maharage. Dada aliyabandika asubuhi, jioni yanagonga sufuria kama kokoto. Na ng'ambo ya ua, jikoni kwa mama mkwe wake, maharage ya gunia lilelile na maji ya bomba lilelile yalikuwa laini kabla sijarudi kutoka shule. Ukisema maji ndiyo mabaya, unajibiwa kwa sufuria ya pili. Tena nani angethubutu kulisema bomba? Tuliambiwa ni tunda la Uhuru. Kulilaumu ilikuwa kama kumlaumu balozi wa nyumba kumi mbele ya mkewe. Basi akalaumiwa dada. Sabuni anaila, kufua hajui, kupika ndiyo kabisa.

"Mwanangu," Mama Magesa alikuwa anamuuliza kwa upole, "kwenu mlikuwaga mnakula mabichi?"

Upole ule uliuma kuliko fimbo. Mwisho ukatumwa ujumbe Musoma: baba aje amchukue binti yake, na ng'ombe wa mahari warudi.

Baba alishuka basi Jumamosi amevaa koti lake la pekee. Alikunywa chai, akauliza sabuni imekwisha kiasi gani, akauliza tena kana kwamba hakusikia. Kisha akamwambia Mama Magesa, "Mkwe, mimi nauza samaki. Samaki hasifiwi, anafunuliwa mashavu. Pikeni nyote wawili hapa uani, tuone. Yako yakiiva na yake yakikataa, jioni hii naondoka na mwanangu, na ng'ombe nitawaswaga mwenyewe kuwarudisha. Huyu mdogo atakuchochelea moto."

Dada alibadilika uso. Alinivuta sikio nyuma ya nyumba. Niliwahi kumwambia kwamba mara mbili nimemwona Mama Magesa akinipa mgongo, anafungua fundo la kanga, anadondosha kitu kwenye sufuria. Dada alidhani ni dawa, akaninyamazisha. Siku hiyo alisema, "Kaa kwenye kigoda karibu na sufuria yake. Usinyanyuke hata ua ukiungua."

Nikakaa.

"Kaniletee chumvi," akasema Mama Magesa.

"Ipo hapa, mama."

"Kuni."

"Zipo mizigo mitatu, mama. Nimehesabu."

Jua likapanda. Mkono wake ukaenda kwenye fundo, ukaniona, ukarudi.

"Mtoto gani wewe, hata kujisaidia huendi?"

"Nilienda asubuhi, mama."

Nilikuwa nasema uongo. Tumbo lilikuwa ngoma. Mlangoni shemeji Magesa alikohoa, akaangalia miguu yake. Dada aligeuza mwiko bila kutazama mtu, maana akitazama angelia, na akilia ameshindwa. Saa tisa alasiri baba akachota punje moja kila sufuria, akazidondosha kwenye sahani ya bati. Ta. Ta.

"Mama Magesa, nisaidie," akasema. "Ya kwako ni ipi?"

Mama Magesa aliangalia zile punje mbili, kisha akafungua fundo mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na vipande vya magadi. Akaweka kimoja kwenye sufuria yake. Akavuka ua, akaweka kingine kwenye sufuria ya dada.

"Bomba hili lilipokuja nilihangaika mwaka mzima," akasema. "Hakuna aliyenifundisha. Nikimwambia huyu, Magesa atakuja tena jikoni kwangu kufuata nini?"

Baba hakucheka. "Atakuja kwa sababu wewe ni mama yake."

Kilichoendelea hapo sikukiona, nilikuwa nakimbilia chooni. Niliporudi ng'ombe hawatajwi tena, na kabla ya magharibi maharage yakawa yameiva kotekote. Hata nguo tulianza kufulia maji yenye magadi, povu likapatikana.

Sasa mimi ndiye mwenye nyumba hapa Bunda, na bomba liko ndani. Mwaka huu kijana wangu ameoa binti wa Musoma. Vijana wa siku hizi wana jiko la gesi, wana birika la umeme, na maharage yasipoiva wanaiuliza simu. Huyu binti hajafikiria kuniuliza mimi ninayekaa chumba cha pili. Mitungi miwili ya gesi imekwisha. Birika lake limeota ukoko uleule, amenunua jipya. Na jioni kijana wangu anakuja na sahani yake jikoni kwangu, anakaa kwenye kigoda, ananisimulia ya kazini kama alivyokuwa mdogo.

Magadi ninayo hapa kwenye fundo. Miezi mitatu imepita tangu waoane, nimeihesabu mara mbili. Nyie mliokula maharage yale ya zamani, nishaurini: nimwambie huyu binti leo, au mnaniruhusu mwezi mmoja zaidi?