Solo ya Mjomba

Tangu kiharusi kimpige, mzee mpiga gitaa la solo alifanya mazoezi miezi minne ili arudi jukwaani kwenye tamasha la uwanja wa shule. Jumamosi mchana aliupiga wimbo wake wa zamani, watu wakacheza. Katikati ya solo uzi ulikatika. Akainua mkono kutoka kwenye nyuzi, na solo ikaendelea bila kosa. Mpwa wake, kiongozi wa bendi, alikuwa akiipiga kwenye kinanda.

“Kumbe gitaa langu halisikiki?”

“Unajisikia kwenye hiyo spika ya miguuni tu, mjomba. Kwa watu tumekuzima tangu mwanzo. Vidole vimekula chumvi nyingi.”

“Sasa nifanye nini?”

“Chezesha mkono. Na utabasamu, wanapiga picha.”

Mzee akarudisha mkono kwenye nyuzi tano zilizobaki, akatabasamu mpaka wimbo ukaisha.