Mtihani Uliomshinda Lorna Mara Tatu

Lorna Haddix alikuwa mfamasia katika jimbo la Wyoming, Marekani, kwa miaka ishirini na sita. Alipovuka milima kuja jimbo jirani la Idaho kumuuguza mama yake, leseni yake haikuvuka naye. Alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa sheria za jimbo, na mtihani huo ulimwangusha mara tatu.

"Akili unayo," Mzee Verl Stoddard, mwenye duka pekee la dawa pale mjini, alimwambia. "Ila kichwa chako bado kinaishi Wyoming."

Ni kweli. Kila swali alilijibu upesi, bila wasiwasi, kwa sheria za alikotoka.

Macho ya Verl yalikuwa yanafifia. Alikuwa ametangaza kwamba Julai mosi ya mwaka unaofuata anastaafu. Asipopatikana mfamasia mwenye leseni, duka lingefungwa, na watu wangeendesha gari maili sitini kufuata insulini.

Msimu wa kuvuna viazi, shule zikiwa zimefungwa ili watoto wakasaidie mashambani, habari ikaja: bodi ya wafamasia inataka kuufuta mtihani ule, na inawaita wananchi watoe maoni Boise, mji mkuu wa jimbo. Nani angeacha viazi ardhini? Lorna akaenda peke yake.

Alipomaliza kutoa maoni yake, mjumbe mmoja wa bodi mwenye tai nyekundu alipekua faili la Lorna. "Mama, umefeli mara tatu, halafu unataka tuufute? Si ungesoma tu?"

Ukumbi ukacheka. Masikio ya Lorna yakawaka moto.

"Bwana, niulize dawa."

"Unasemaje?"

"Sheria nitazisoma, kitabu kipo. Wewe niulize dawa. Yoyote."

Yule bwana akatabasamu. "Haya. Mzee anameza dawa ya kuzuia damu isigande, daktari kamwandikia antibiotiki. Utafanyaje?"

"Antibiotiki gani? Ana umri gani? Figo zake zikoje? Anakula vizuri? Na lini mara ya mwisho alipimwa damu? Usiponijibu hayo, simpi kitu. Nampigia daktari."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja wa bodi akaweka kalamu chini. "Huyu ndiye ningependa ampe baba yangu dawa," alisema.

Walipopiga kura ya kuufuta mtihani, hata mwenye tai nyekundu aliinua mkono kuunga.

Kanuni mpya ilianza Julai mosi, siku ileile ya Verl kustaafu. Asubuhi hiyo watu walijaa dukani, mabuti yana matope, wakimtazama Lorna aliyekodolea macho kompyuta. Saa tatu na dakika kumi jina lake likatokea kwenye orodha ya wafamasia wenye leseni ya jimbo.

"Lipo!" Verl akapaza sauti. "Lipo, jamani!"

Vigelegele na miluzi vikapasua duka. Lorna aliinua mwenyewe wavu wa chuma wa dirisha la dawa. Mteja wa kwanza alikuwa Bibi Thelda Crane, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Haya, Wyoming, tuone kama unajua kuhesabu vidonge."

"Vyako nitavihesabu mara mbili, bibi, usije kunisumbua kesho."

Akapokea cheti cha dawa, akaanza kazi.