Goti la Mama Feza

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Fizi, mkuu wa wauguzi alinikabidhi meza ya mbao, mifuko miwili ya mchanga na kipimo cha pembe, chombo kinachoonyesha goti linakunjika kiasi gani. Akanieleza kwamba daktari huunga mfupa, lakini anayemrudisha mtu kwenye shughuli zake ni kine, yaani sisi tunaorudishia viungo nguvu baada ya ajali au upasuaji. Nilimwamini, nikazeekea katika kazi hiyo.

Baadaye nilihamishiwa Kilembwe. Huko mzee mmoja alivunjika tena mguu mikononi mwangu nilipokuwa namfundisha kusimama. Hakuna aliyenilaumu, ila mlio wa ule mfupa ulinifuata hadi Baraka, ambako nilimpokea Mama Feza, mkulima wa Lweba. Alikuwa ameteleza na mzigo wa mihogo mgongoni, akaangukia jiwe, pia ya goti ikapasuka vipande viwili. Daktari wa upasuaji alivifunga pamoja kwa waya.

"Goti ikikaa bila kukunjwa, itakauka," daktari aliniambia. "Uanze juma ya pili, pole pole. Waya itashika."

Juma la pili nilimkalisha Mama Feza ukingoni mwa kitanda, nikaweka kiganja chini ya kisigino chake. Akaanza kutetemeka, akaniomba tungoje kidogo. Nami, huku nikiusikia ule mfupa wa Kilembwe, nilifurahi kuombwa. Nikamfunga tena banzi, nikamfanyisha zoezi la kukaza msuli wa paja tu, na kwenye fishi, karatasi ya matibabu yake, nikaandika kwamba goti linakunjwa kila siku.

Nilipothubutu, juma la saba lilikuwa limeisha na goti limekuwa gumu kama mti. Tulihangaika miezi, yeye akiuma kitenge, mimi nikisukuma. Halikufika hata pembe ya mtu aliyekaa kitini. Daktari aliisoma fishi yangu, akasema kuna watu ambao viungo vyao hukauka hata wakitunzwa vizuri. Mama Feza alikuwapo, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilinyamaza.

Alirudi kwao akitembea kwa kuburuta mguu. Kuchuchumaa hakuweza tena, na shamba lake la mlimani likachukuliwa na shemeji yake.

Wenzangu huniuliza kama kustaafu kunachosha. Kinachochosha ni kukumbuka. Vijana mnaoshika kazi hii, mtaogopa, na si aibu. Siku hiyohiyo mwambieni daktari kwamba mmeogopa. Mimi nilikawia hadi nilipokuwa sina tena kazi ya kupoteza, ndipo nikapanda pikipiki kwenda Lweba.

Nilimkuta akimenya mihogo, mguu umenyooka juu ya kigoda. Alinikaribisha vizuri, akaniita muganga wake. Nikamwambia kabla sijakaa: daktari alitaka tuanze mapema, mimi ndiye niliyekataa, na fishi niliiandika uongo.

Aliweka kisu chini. Nilikuwa tayari kwa hasira yake.

"Basi haikuwa mifupa yangu," alisema. "Mi niliambia batoto yangu ya kike basilime mulimani, mifupa ya kwetu ikivunjika haiponi. Bote batatu baliacha mashamba."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya.