Hereni za Vibibi Harusi

Aluoch huwavisha wanasesere vito, pale mtaani Namuwongo, chini kidogo ya reli. Wanasesere wenyewe hushonwa na Amony kwa maganda makavu ya mgomba. Hawazidi urefu wa kidole, na kila mmoja amevaa gomesi nyeupe, gauni refu la mshipi, kama bibi harusi siku ya kumtambulisha mchumba kwao. Kazi ya Aluoch ni waya: hereni, bangili, mikufu. Huufungua kwenye mota za feni zilizoungua, waya mwembamba kama unywele, akauzungusha kwenye sindano na kuukata vipete vipete. Macho hayasaidii sana. Kidole gumba ndicho kinachojua kama pete imefunga au imeacha mwanya.

Lakini tangu amzae Obonyo, miezi mitano sasa, vidole vyake vinakufa ganzi. Nesi alimwambia ni mambo ya uzazi, yataisha. Lini, hakusema.

Jumatano asubuhi Amony alikuja kuchukua vibibi harusi kumi na wawili walioagizwa kwa sherehe ya Jumamosi.

"Ee, mama Obonyo! Unashika waya kama umeshika nyoka."

"Cheka tu, dada. Wamebaki watatu. Keti."

Amony akaketi. Aluoch akaendelea, mtoto kifuani ananyonya, akamtia mwanasesere wa kumi hereni. Mara Amony akainama.

"Mwenzangu, hiyo nini?"

Kwenye gomesi palikuwa na doa jekundu. Pembeni, jingine. Aluoch akageuza mkono. Ncha ya waya ilikuwa imeingia chini ya ukucha wa kidole gumba, imesimama kama mwiba.

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

Amony alilowesha kitambaa kwa mate akafuta. Doa likatanuka. Akawapanga wote kwenye boksi, taratibu, hata wale wasio na hereni.

"Nitampa mwenzetu Akullo amalizie. Si kwa ubaya, mama."

"Najua."

"Ukipona unarudi. Kazi ni yako."

"Nikipona," Aluoch akasema.

Alipobaki peke yake aliung'oa ule waya kwa meno. Akamlaza mtoto, akakata kipande kingine, akakizungusha kwenye sindano. Akafumba macho, akaibana ile pete kati ya vidole viwili, akasubiri kidole gumba kimwambie kitu. Akabana zaidi. Alipofumbua macho, vidole vilikuwa vimebanana vyenyewe. Pete ilikuwa imeshaanguka sakafuni, wala hakujua saa ngapi.