Mbwa Tuliyemficha Vibaya

Bibi mwenye nyumba wetu mpya alitupa masharti akiwa barazani kwake mjini, anapepeta mchele. Hataki mbwa, hataki paka, hataki kuku, na njiwa tusijaribu.

"Hata mende wenu waacheni hukohuko Ntalikwa," alisema. "Hapa nina wangu."

Kuhusu mbwa alifafanua zaidi. "Wanangu, mimi ni mtu wa udhu. Mbwa akinigusa kila nikitaka kuswali, nitashinda bombani kama bata."

Hoja hiyo haikuwa na pa kuishika. Baba akaitikia, mama akaitikia, na mimi nikaitikia huku nikimfikiria mbwa wetu, ambaye kugusagusa watu ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya kwa bidii.

Hatukuhama kwa kupenda. Mwenye nyumba ya Ntalikwa alikuwa na kijana anayeoa, na maharusi hawawezi kulala juu ya mti. Nyumba ile tulikaa tangu mimi niko chekechea, na ilikuwa na uwanja mkubwa kiasi kwamba wanyama walikuwa wanaongezeka bila mtu kuwaleta.

Kuku walipata makazi haraka. Shangazi alikuja na tenga kutoka Nzega, akawachukua wote, akasema atawafunga kamba mguuni mpaka wakubali kwamba pale ndipo kwao. Paka alikwenda kwa mshona nguo, shoga yake mama. Mama alimtia kwenye gunia na kumzungusha uwanjani ili asiijue njia ya kurudi. Kwa kuwa alizunguka naye, paka alifika kwa mshonaji akiwa mzima, mama ndiye aliyeshikiliwa mlangoni kwa kizunguzungu.

Akabaki mbwa.

Niseme ukweli, hakuwa bidhaa. Alikuwa mnene, mzee kidogo, rangi ya ugali wa mtama. Aliogopa radi, mwavuli na bata mzinga wa jirani. Nilijipa udalali, nikampigia debe shule nzima. Akaja mwanamume mmoja mwenye duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, upande wa Nzega, akitaka mbwa mkali wa kulinda mawe yake. Nikamwambia huyu ni simba, anajificha tu. Simba akalala chali, akampa yule bwana tumbo alikune. Bwana akalikuna, akacheka, akaondoka.

Jioni hiyo mzee wangu alisema kitu ambacho sikukipenda. "Kumtupa barabarani siwezi. Mpaka siku ya kuhama asipopata mtu, nitamwita daktari wa mifugo amchome sindano. Ni afadhali kuliko kufa njaa."

Mama alianza kufunga vyombo. Mimi, ambaye shuleni nimeshafukuzwa darasani kwa kujibu maswali ambayo sikuulizwa, nilitoka kwenda kumkuna mbwa tumbo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyebaki. Mashamba mawili kutoka kwetu anaishi Mgogo mfuga mbuzi, na Mgogo kwetu Wanyamwezi ni mtani. Wazee husema utani huo ni wa enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo kwenda pwani, wakipita Ugogo wanazuiwa njiani mpaka watoe hongo, ndiyo wapewe ruhusa na maji. Basi mpaka leo yeye akimwona baba anauliza, "Mpagazi, mzigo uko wapi?" Na baba anamjibu, "Nimeutua, nilisikia kuna ombaomba mbele." Wakimaliza kutukanana ndipo wanapoulizana hali za watoto.

Baba alimwendea. Ila kwa sababu jambo lilikuwa limemkaa moyoni, alikwenda na shati la kuchomekea, akaketi, akakohoa, akaomba kwa adabu zote kama mtu anayeposa. Nilikuwa nyuma yake. Mtani alimkagua kuanzia kola mpaka viatu.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakuomba tu, ndugu yangu."

"Mimi si ndugu yako. Na mbwa wa Mnyamwezi simtaki, atanimalizia unga." Akainuka akaenda kwa mbuzi wake.

Tulirudi nyumbani. Mama aliposimuliwa alishika kiuno. "Wewe baba watoto, mtani anaombwa? Ukimpa kitu kwa upole atalazimika kukushukuru. Mgogo gani atakubali kulala usiku kashamshukuru Mnyamwezi? Mtani anachukua mwenyewe."

Baba alisema basi yamekwisha, amekataa. Mimi hapo ndipo nilipopata akili.

Asubuhi ya kuhama kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ilikuja, tukapakia. Nilimpandisha mbwa juu, nikamlaza kati ya godoro na kabati, nikamfunika blanketi. Mkia niliuacha nje. Baba aliuona.

"Huyo anakwenda wapi?"

"Mzee, naomba uwe mkorofi kidogo leo," nilimwambia. "Ukiulizwa, kataa."

Nilijua tutaulizwa. Mtani hawezi kuacha msafara wa Wanyamwezi upite mbele ya boma lake hivihivi. Na kweli, tulimkuta kasimama katikati ya njia, fimbo kailaza kukinga barabara, mkewe pembeni anacheka tayari.

"Mbukwenyi, wapagazi," alitusalimu kwa Kigogo. "Hongo."

Baba alimpa muhogo. Akaukataa. Akampa ufagio uliochakaa, akaukataa pia, akaanza kulizunguka gari. Mkia uliokuwa nje ya blanketi uliisikia sauti ya mtu, ukaanza kupiga kabati: pu, pu, pu.

"Humu mna nini?"

"Hamna kitu," nilisema haraka, nikaukalia mkia.

"Binti, kitu hicho kinapumua."

"Ni bibi yetu, amelala."

Baba ndipo alipoelewa. Alishuka, akasimama mbele ya godoro mikono kapanua. "Chukua meza. Chukua redio. Huyu hapana. Huyu ni mbwa wa ukoo, Mgogo hajui hata kumlisha."

"Sijui kulisha? Mimi?" Mtani alitupa fimbo, akapanda, akafunua blanketi. Mbwa akamlamba uso wote. "Nimemchukua. Na mkitaka kumkomboa, mlete beberu."

"Huo ni wizi," mama alisema, akageukia upande wa pili kuficha kicheko. Au kitu kingine, maana alijifuta macho na kanga.

Dereva, aliyekuwa hajaelewa lolote, alituonea huruma njia nzima. Alituambia tukaripoti polisi.

Jumapili nikipata baiskeli huenda Ntalikwa. Mbwa hulala mlangoni mwa zizi, na mbuzi humruka kama gogo. Mara ya kwanza alinikimbilia, akanizungukazunguka, akanilamba magoti. Kisha mke wa mtani akagonga sufuria, mbwa akaniacha nimesimama.

"Beberu yuko wapi?" mtani aliniuliza.

"Hatuna. Ila mbwa umemkondesha."

Alimtazama mbwa, ambaye tumbo lake lilikuwa karibu kugusa chini, akanitazama mimi. "Eti nimemkondesha," alisema, akamwongezea ugali.