Korongo Lililopanda kwa Bibi

Kazini kwetu kuna bati refu lililokunjwa kama mfereji, tumelijaza udongo na kuliinamisha kidogo. Upande wa juu tunafungulia bomba, upande wa chini tunakaa na ndoo kupokea tope. Ndiyo kazi yangu hiyo: kutazama maji yanavyokula udongo, halafu kuikalia kompyuta nikijaribu kuifundisha nilichokiona. Siku nyingi hakuna cha kusisimua. Lakini maji yakishachimba chini ya ukingo, bonge la udongo uliolowa hukatika na kuanguka, pu, kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Vijana ninaofanya nao kazi huandika saa. Mimi kila nikiisikia sauti ile narudi kuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni kwa bibi yangu, kijijini Milola, na jiko letu linaondoka.

Nitawasimulia, ila msinicheke kabla sijamaliza.

Nilipelekwa kwa Bibi Somoe nikiwa na miaka sita, kama wajukuu wengi wa kwetu wanavyopelekwa, ili bibi asikae peke yake na apate wa kumtuma. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Bibi aliniita mke mwenzake, na kwa vile mume wetu alikuwa marehemu, alisema, hatukuwa na la kugombea isipokuwa ukoko wa wali. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya bonde la mpunga. Mbele palikuwa na uwanja. Kushoto choo, kulia jiko la fito na udongo lililoezekwa nyasi, na ubavuni mwa jiko ilipita njia nyembamba iliyoshuka moja kwa moja hadi kisimani.

Bibi alikuwa na neno lake: uwanja ndio uso wa mwenye nyumba. Mtu akiamka asinawe uso, alisema, hata anayemsalimia humsalimia shingo upande. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza, kabla ya chai, ilikuwa kufagia. Nilipewa fagio la chelewa lililofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. Nilianza kwa kulia, nikaishia kuwa bingwa. Nilinyunyiza maji kidogo vumbi litulie, nikainama, nikaacha mistari iliyopangana sawasawa toka mlangoni hadi ukingoni mwa uwanja. Wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji walisimama kutazama. "Somoe, huyu mjukuu umemtoa wapi? Hebu tuazime na sisi," alisema Mama Tatu, jirani yetu wa upande wa juu.

Mtoto akisifiwa hajui pa kuishia. Nilipoanza kuumaliza uwanja mapema, nikaifagia na njia. Kwanza hadi jikoni, kisha hadi kwenye mkorosho wa chini, na baada ya mwaka nilikuwa nafagia mpaka kisimani. Kila jani la ukoka lililothubutu kuchungulia nililing'oa kwa vidole. Njia ikawa ngumu, nyekundu, inang'aa, imezama chini ya majani ya pembeni kiasi cha shubiri. Niliiona nzuri mno.

Chini, karibu na majaruba ya mpunga, palikuwa na korongo. Nilipofika Milola lilikuwa dogo, watoto tulikuwa tukiliruka kwa mchezo. Kila masika lilisogea, nalo halikusogea kwenda bondeni kama akili yangu ilivyotarajia. Lilikuja juu, kwetu. "Maji yanashuka, korongo linapanda," Bibi alinieleza, nami nikaona ananidanganya kama alivyonidanganya kwamba mtoto akila firigisi husahau masomo, huku mwenyewe akiitafuna.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, mjomba wangu Bakari alikuja kututembelea kutoka Lindi mjini. Alishuka kuliangalia korongo, akapanda akihesabu hatua hadi jikoni, akakaa barazani akifuta jasho. "Mama, usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeitunga methali hiyo mwenyewe njiani. "Masika yajayo yakichukua chochote hapa, unahamia kwangu mjini. Zuhura atarudi kwa mama yake Dar." Bibi aliendelea kupepeta mchele. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na niliyasikia yote. Nilimpenda mama yangu, lakini kwake nilikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Kwa Bibi nilikuwa mke mwenza. Sikutaka kuondoka, na sikutaka Bibi aondoke.

Nikaamua kuyatangulia maji. Nyuma ya nyumba nilijenga kilima. Nilichota udongo wa palepale, nikapanda hadi kwa Mama Tatu, nikashuka hadi bondeni, nikikagua kwa macho palipoinuka na palipobonyea, nikarudi kukifinyanga hivyohivyo. Nyumba ilikuwa ganda la kiberiti, jiko kizibo cha soda, mkorosho kijiti. Kisha nikachukua birika la chai, nikamimina juu. Maji yalizunguka kiberiti, yakakata kushoto, yakapita upande wa choo, yakaacha kakorongo kazuri. Nikarudia. Kushoto. Nikarudia mpaka Bibi akauliza birika liko wapi, ndipo nikamwita aone.

Mtu mzima mwingine angenifukuza. Bibi alifunga kanga vizuri, akachuchumaa, akatazama mabirika matatu mazima. Aliniuliza swali moja tu: "Na mvua yako hii ina upepo?" Nikampulizia upepo kwa mdomo mpaka nikaona kizunguzungu. Maji bado yakaenda kushoto. "Basi kushoto," alisema. Kwa siku nne tulijaza mchanga kwenye viroba, tukavipanga upande wa choo, tukaongezea mawe. Mama Tatu alipouliza ni nini kile, Bibi alimwambia akamuulize fundi, akaninyooshea kidole.

Mvua ilikuja siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa bado msikitini. Nilisimama mlangoni nikivitazama viroba vyangu vya kushoto, nikisubiri vifanye kazi. Kule hayakufika maji ya kujaza hata kikombe. Yalishuka mekundu kutoka kwa Mama Tatu, yakakusanyika uwanjani, kisha yakageuka kulia na kuingia kwenye njia ya kisimani kama yameitwa. Yalikimbia. Kule chini korongo likaanza kumeguka bonge moja moja, pu, na kila moja lilisikika karibu zaidi kuliko lililotangulia. Mkorosho ukabaki umesimama mizizi ikiwa nje. Kisha kona ya jiko ikainama, taratibu, kwa adabu kabisa, na jiko lote likafuata. Sufuria kubwa ya Bibi tuliikuta kesho yake kwenye majaruba, imejaa tope, na chura ameshahamia.

Nililia hadi nikapata kwikwi. Kilima changu kilikuwa kimenidanganya, na sasa Bibi atachukuliwa. Yeye alinishika mkono. Alikuwa anaitazama njia, kutoka uwanjani, polepole, hadi pale ilipokatika. Akanitazama mimi, akaitazama tena njia. Nilidhani analisikitikia jiko.

Mjomba alikuja wiki ileile na gari la kuazima la kubebea vyombo. Bibi alimpakulia chakula kilichopikwa kwenye mafiga nje ya nyumba, akamsubiri ashibe. "Bakari, nipe mwaka mmoja tu," akamwambia. "Masika yajayo yakinifuata tena, nitapanda gari lako bila kusukumwa." Mama akiomba hivyo, mtoto hana pa kukimbilia. Mjomba akarudi na gari tupu.

Tangu siku ile Bibi akabadilika. "Uwanja nitafagia mwenyewe," alisema. "Wewe una kazi ya kilima, jenga kingine." Lakini hakufagia. Wiki ya kwanza mgongo ulimuuma. Wiki ya pili fagio lilikuwa limeliwa na mchwa, ingawa mimi nililiona darini likiwa zima. Wiki ya tatu vifaranga walihitaji majani. Njia ya kisimani aliifunga kwa matawi ya miiba akisema ameona nyoka, swila, tukawa tunazunguka mbali. Tulijenga jiko jipya nyuma ya nyumba. Alichimbua ukoka bondeni, akaupanda njiani, akalaza mabua ya mtama kuikingama njia kila baada ya hatua chache. Nilipouliza, alisema swila hapendi mabua. Ukoka ukapanda, ukaingia uwanjani, ukafika hadi barazani.

Mnajua kwetu uwanja wenye majani unasemaje. Unasema mwenye nyumba ni mvivu, au mgonjwa, au kuna jambo. Kila mwaka wanawake walikuwa wakikusanyika uwanjani kwa Bibi kusoma maulidi, na yeye ndiye aliyewakaribisha na kuwagawia halua. Mwaka ule walikwenda kwa Mama Tatu. "Kwa Somoe tunaogopa kupe," mmoja alisema, wakacheka. Bibi naye alicheka, akabeba mkeka wake, akaenda kukaa mwisho wa safu kama mgeni. Nilikufa kwa aibu. Shuleni waliniita mjukuu wa porini. Jioni moja nilimwambia kwa hasira kwamba anatuaibisha.

"Uso wangu umezeeka, mke mwenzangu," alinijibu. "Uache uote ndevu."

Kilima cha pili nilikijenga kwa makini zaidi, nacho kikayapeleka maji kushoto vilevile. Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulisimulia. Nilisogeza birika kidogo, nikabonyeza udongo kwa kidole gumba, hapa kidogo na pale kidogo, mpaka maji yakakubali kwenda kulia. Kidole gumba hicho kazini bado tunakitumia, ila siku hizi tumekipa majina makubwa. Nikamwita Bibi. Akachuchumaa, akatazama kwa heshima zote, tukahamishia viroba upande wa kulia, kando ya ukoka.

Masika yakaja, tena makubwa. Maji yalishuka mekundu kutoka kwa Mama Tatu, yakaingia kwenye majani, yakatandaa, yakapungua nguvu, yakatokea chini membamba, karibu meupe. Korongo lilibaki palepale. Mimi niliruka juu ya viroba vyangu, ambavyo havikuloweshwa na kitu zaidi ya mvua yenyewe, nikitangaza ushindi. Bibi akanitangaza kijiji kizima: mjukuu wake ameokoa nyumba kwa birika. Mjomba alipokuja alipewa habari hiyo kabla ya maji ya kunywa, na habari za gari hazikurudi tena. Akaninunulia madaftari. Mwalimu wa hesabu akaisikia, akanihamishia dawati la mbele. Nilisoma, nikasoma tena, na kila nilipoulizwa kwa nini nimechagua udongo na maji, nilisimulia kwa majivuno habari ya kilima changu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda likizo Milola na vifaa vya kupimia. Nilitaka kujifurahisha tu, niupime mteremko wa utotoni kwa njia za kikubwa. Nilipima toka juu hadi bondeni, nikaingiza vipimo kwenye kompyuta, nikaunyeshea mteremko mvua. Maji yalizunguka nyumba, yakakata kushoto, yakapita upande wa choo. Nikarudia. Kushoto. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kilima changu cha kwanza hakikuwa na kosa. Sasa jiko liliondokaje?

Nilivua viatu nikatoka nje, nikapita kwenye ukoka nikipapasa kwa nyayo. Mahali fulani mguu ulizama. Palikuwa na mfereji chini ya majani, umenyooka, upana wake ni pale mkono wa mtoto mwenye fagio unapofika, unatoka uwanjani hadi kwenye korongo la zamani. Maji hufuata mkondo, na mkondo ule niliuchimba mimi, kila asubuhi. Shida ya kazi yetu ni hiyo. Unaweka mteremko, unaweka udongo, unaweka mvua, hata upepo wa kupuliza kwa mdomo, kisha anatokea mchwa, au mbuzi anayependa njia yake moja, au mtoto anayependa kusifiwa, na maji yanakwenda yanakotaka. Katika kile kilima nilikuwa nimeweka kila kitu isipokuwa mimi.

Bibi alikuwa barazani akichambua choroko kwa vidole, kwa sababu macho yamekwisha kufifia. Nilikaa chini karibu na miguu yake.

"Bibi, ulijua kwamba ni fagio langu?"

"Nilijua siku ileile."

"Ukakubali watu wakuone mchafu. Kwa nini hukuniambia tu niache kuifagia njia?"

"Ungeuliza kwa nini. Wewe ulikuwa huachi kuuliza." Alitoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa. "Ningekujibu, ukajua umebomoa jiko, na mjomba wako huyo yuko nje na gari. Jiko tulilijenga kwa siku mbili, Zuhura. Wewe ulikuwa na miaka tisa."

Nililia pale, mwanamke mzima, na sikuona haya. Miaka yote hiyo nilijisifu kwamba niliiokoa nyumba ya Bibi, kumbe nilikuwa karibu kuiangusha, na yeye alitoa jina lake jema nisije nikalijua hilo. Nilisimama niende kwa Mama Tatu nikamweleze yote. Bibi akanikataza. Amenikataza kumwambia mtu yeyote wa Milola, na nyinyi nawaambia kwa kuwa hamtokei huko. Huko, ukiwauliza wazee wa rika lake, watakwambia Somoe ni mwanamke hodari, mkarimu, mcha Mungu, ila usafi wa uwanja ulimshinda.